Siku yangu moja kwenye hoteli ya kuta za matumbawe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, feri ya Likoni. Ukichelewa hapa robo saa umeshaingia kwenye msongamano wa watu wa viwandani na mikokoteni, na asubuhi yako imeharibika. Mkono wa kushoto meli ya makontena inaingia bandari ya Kilindini taratibu, taa zote zinawaka. Meli hizi nina kesi nazo, maana ndizo zilizotuondolea wageni. Nitaeleza.

Mimi ni msimamizi wa hoteli ndogo ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa: nyumba ya ghorofa mbili, ya matumbawe na chokaa, zamani ikiwa makao ya mfanyabiashara wa Kihindi. Jina silitaji, tajiri wangu hapendi.

Saa kumi na mbili na nusu tuktuk inanishusha Ngomeni. Watalii huja kwa ajili ya ngome hii, Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na UNESCO ikaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Mimi huipita mbio. Ninapopunguza mwendo ni barabara ya Mbarak Ali Hinawy, mbele ya Africa Hotel, ya mwaka 1901. Mwaka huohuo reli iliyoanzia Mombasa ilifika Ziwa Victoria, na mji ulikuwa umejaa wageni wanaotafuta pa kulala kabla ya kupanda bara. Forodha ilikuwa huku, kwenye Bandari ya Kale. Ukishuka mashuani ukitaka kwenda mbali kidogo, ulikaa kwenye kitoroli chenye kivuli juu, kikasukumwa na vijana juu ya reli nyembamba zilizopita mitaani. Vijana hao majina yao hayakuandikwa kwenye ukuta wowote.

Kisha miaka ya 1920 Kilindini ikajengewa magati ya maji marefu. Meli kubwa zikahamia upande ule, na pesa nazo. Barabara ya Kilindini, ambayo leo ni Moi Avenue, ikawa ndiyo njia ya wageni. Hoteli ya Castle na matao yake ingali huko, si mbali na Mapembeni, penye zile pembe kubwa za ndovu juu ya barabara. Sisi tukabakiwa na majahazi. Kusema kweli, hilo ndilo lililotuokoa: penye pesa nyingi nyumba za zamani huvunjwa mapema.

Saa moja ni chai na mahamri na mbaazi za nazi, nikiwa nimesimama. Wageni wa jana, mume na mke kutoka Nairobi, wanaondoka na begi lao. Hakuna la ziada.

Saa mbili naanza mzunguko. Nagusa kuta kwa kiganja, chumba hadi chumba, kuanzia chini. Msimu wa masika ukuta husema wenyewe: hapa baridi, hapa unga mweupe wa chumvi, hapa rangi imeinuka. Ukuta wa nyuma ndio mgonjwa wetu. Aliyekuwa na nyumba hii kabla ya tajiri wangu aliupiga lipu ya saruji, ukapendeza kweli, laini, umenyooka. Lakini saruji haipumui. Unyevu unapanda kutoka ardhini na chumvi yake, ukikosa pa kutokea unageuka kulila jiwe kwa ndani. Leo ukigonga unasikia uwazi.

Saa tatu fundi anaingia. Ni mtu mzima, anafaa kuwa babangu, na ni katika wachache waliobaki wanaoijua chokaa.

"Salaam aleikum, fundi. Tajiri anauliza ukuta utakwisha lini."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Mwambie akitaka wa leo, aite mtu wa saruji."

Naye ana haki yake. Chokaa yenyewe ni kazi: matumbawe huchomwa juu ya tabaka za magogo, yakaungua mpaka yakawa meupe, yakamwagiwa maji, kisha unga ule ukaachwa ukae. Ikishakaa inachanganywa na mchanga, inapigwa ukutani tabaka nyembamba, na tabaka la pili halipigwi mpaka la kwanza limeshika. Fundi ananyunyizia maji ukuta kabla ya kupaka, kwa sababu jiwe la tumbawe lina vitundu na hunywa. Namtazama akiivua ile saruji kwa patasi, kipande kwa kipande, bila kupiga kwa nguvu. Ningekaa hapo mchana kutwa.

Saa tano kuna wanafunzi wa ujenzi, wamekuja kutazama. Swali lao la kwanza ni lilelile la wageni wote: mbona vyumba virefu na vyembamba hivi? Nawaambia watazame juu. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa zaidi ya mita tatu hivi. Basi upana wa chumba uliamuliwa na mti, urefu ukaachiwa mwenye nyumba. Mmoja akapima ukuta kwa mkono wake, ukamzidi kiwiko. Ndiyo maana humu ndani adhuhuri hakuna joto la nje.

Wote, hata hivyo, walikimbilia roshani. Siwalaumu. Mbao zake zimetobolewa maua, na mikono inayoibeba imechongwa kwa ufundi ulioletwa kutoka Gujarati. Ni chumba namba nne, chumba chetu cha bei ya juu, na ndicho kiko kwenye picha zote.

Adhana ya adhuhuri, swala, wali na samaki wa kupaka. Saa nane ni shuka, vyandarua, hesabu.

Saa tisa nakwenda ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale na karatasi zangu. Huku huwezi kubadilisha uso wa nyumba bila kibali. Tukitaka hata kugeuza dirisha tunachora, tunaeleza, tunangoja. Tajiri hunung'unika. Mimi naona kungoja huko ndiko kunakoizuia Ndia Kuu, barabara yetu ya zamani, isijae vioo vya samawati.

Saa kumi anafika mgeni, mama wa makamo kutoka Kisumu.

"Hakuna lifti, binti yangu?"

"Hakuna, mama. Ngazi zetu ni za kupanda polepole. Mzigo nipe mimi."

Alipofika juu akafungua roshani, akakaa kimya akitazama mlango wa bahari. Nikajua hataki tena habari ya lifti.

Saa kumi na mbili kasoro wingu linatanda upande wa Tudor. Nakabidhi funguo kwa mlinzi wa usiku, yeye anatazama mabati ya paa, ambayo tumeyaombea fedha tangu kabla ya roshani kupakwa mafuta.

"Ikinyesha, dada, ndoo niweke chumba gani?"

"Namba nne."

"Kile cha bei ghali?"

"Hichohicho. Weka mbili, na mwombe mama radhi kabla hajalala."