Roboti imeingia kiwandani

Leo kiwandani kwetu, huku Barabara ya Pugu, Dar, roboti ya kupanga katoni imewashwa rasmi.

Jamani, haichoki, haiombi hata ruhusa ya msiba!

Mama mmoja wa kitengo cha kufungasha alisimama nyuma ya mstari wa njano, glavu bado mkononi.
"Sasa mwanangu, mimi nasimama wapi?"

Nikakosa jibu.

Sheria ya Ajira ya 2004 inamtaka mwajiri ashauriane na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza, hata sababu ikiwa teknolojia. Kiinua mgongo? Angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, ukomo miaka 10. Yaani siku 70, basi!

Na ile tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri, si imfundishe huyu mama kuendesha hiyo roboti?

Wadau, kwenu mashine zilipokuja, nani alipelekwa mafunzo?