Pauni Elfu Kumi na Kiuno cha Gauni

Fungua Pride and Prejudice ya Jane Austen utafute rangi ya gauni la Elizabeth Bennet, mhusika mkuu. Hutaipata. Utakuta inchi sita za tope kwenye gagulo lake, siku alipokwenda kwa miguu maili tatu kumtazama dada yake mgonjwa. Utakuta koti la buluu la Bingley, kijana tajiri aliyehamia jirani, na farasi wake mweusi. Utamsikia Bi. Bennet, mama yake Elizabeth, akifurahia habari kwamba mikono mirefu imerudi kwenye fasheni, na mumewe akimkata kauli anapoanza kusimulia lesi ya mgeni fulani. Zaidi ya hapo, mambo ya mavazi ni ya kuokoteza.

Sasa tafuta pesa. Mwandishi huyu asiyetuambia gauni ni la rangi gani anajua kila mtu ana kiasi gani, amekipata wapi, na nani atakirithi akifa.

Hilo ndilo linalonizunguka kichwani jioni hii, baada ya kuziweka filamu tatu kubwa za riwaya hii kando ya kitabu chenyewe: ya Hollywood ya 1940, tamthilia ya BBC ya 1995 yenye sehemu sita, na ile ya mwongozaji Joe Wright ya 2005. Kamera haiwezi kunyamaza kama ukurasa. Lazima gauni liwe na rangi, chumba kiwe na mishumaa, nywele zifungwe au ziachwe. Kwa hiyo filamu inajaza palepale Austen alipopaacha wazi, na penye hesabu zake inapita mbio.

Tuanze na hizo hesabu, maana ndiko enzi yenyewe iliko. Darcy, rafiki wa Bingley atakayemwoa Elizabeth, ana pauni 10,000 kwa mwaka, mapato ya ardhi. Bingley hana ardhi. Baba yake alichuma kwenye biashara akamwachia karibu pauni 100,000. Ukiziweka kwa riba ya asilimia 4 au 5, unapata 4,000 au 5,000 kwa mwaka, na ndiyo hasa tarakimu anayoitamka Bi. Bennet katika sura ya kwanza. Tunamcheka kama mmbea, lakini mama wa watu hesabu yake iko sawa.

Bw. Bennet anapata 2,000 kwa mwaka. Shida ni kwamba shamba na nyumba vimefungiwa warithi wa kiume, naye ana mabinti watano. Akifa leo, kila kitu kinakwenda kwa Bw. Collins, ndugu wa mbali. Msomaji wa pwani aliyezoea mirathi ya Kiislamu ataona ajabu: kule binti hapati hata lile fungu la nusu ya kaka yake, na hapa kaka mwenyewe hayupo. Kilichowekwa kando kwa ajili ya mke na watoto ni pauni 5,000. Zikizaa asilimia 4, ni pauni 200 kwa mwaka kwa wanawake sita, yaani sehemu moja ya kumi ya maisha waliyoyazoea. Collins anapomposa Elizabeth anamtajia, bila haya, kwamba fungu lake litakuwa pauni 1,000 za asilimia 4, tena mpaka mama yake afe. Pauni 40 kwa mwaka. Halafu huyohuyo Collins anasifu meko moja ya sebule ya Lady Catherine, shangazi ya Darcy na mfadhili wa Collins, iliyogharimu pauni 800, takriban miezi mitano ya kipato chote cha Bw. Bennet, na anahesabu madirisha ya mbele ya jumba pamoja na gharama ya vioo. Wakati huo madirisha yalitozwa kodi Uingereza, tangu 1696 hadi 1851. Ukijua hilo, uhesabuji wake si upuuzi mtupu.

Pesa inayozungumzwa hapa si mahari ya kwetu. Inakwenda upande wa pili: bi harusi ndiye anayeleta mali. Georgiana, dada mdogo wa Darcy, ana pauni 30,000, na ndiyo sababu Wickham, yule ofisa mlaghai wa hadithi, alijaribu kumtorosha akiwa na miaka 15.

Filamu zote zinaitaja ile elfu kumi, watu wananong'ona, kisha basi. Badala ya hesabu tunaonyeshwa majumba, na hapo ndipo vipimo vinapoharibika. Wright aliifanya Chatsworth kuwa Pemberley, nyumba ya Darcy. Chatsworth ni jumba la Duke wa Devonshire, mtu wa ngazi nyingine kabisa ya utajiri, na Austen mwenyewe anaitaja kwenye riwaya kama mahali pengine wanapopitia wasafiri wa Derbyshire. BBC walitumia Lyme Park kwa picha za nje, nayo si ndogo. Mtazamaji anaondoka akidhani Darcy ni kama mwana wa mfalme. Darcy ni bwana shamba tajiri asiye na cheo cha ukabaila, na ndiyo maana Elizabeth anaweza kumwambia Lady Catherine kwamba Darcy ni bwana, naye ni binti wa bwana, hivyo wako sawa. Ndani ya jumba la duke jibu hilo linasikika kama jeuri. Kitabuni ni ukweli wa kisheria na kijamii.

Kuhusu mwaka wa hadithi, riwaya yenyewe ina miaka miwili ya kuchagua: wa kuandikwa na wa kuchapishwa. Austen aliandika rasimu ya kwanza 1796 na 1797, akiwa na miaka ishirini na kitu. Kitabu kikatoka Januari 1813, juzuu tatu kwa shilingi 18. Yeye alitaka pauni 150 kwa hakimiliki, akapewa 110. Kila mwongozaji anachagua mwaka wake, na njia rahisi ya kuujua ni kutazama mshono wa kiuno. Ukiwa chini tu ya kifua na kitambaa ni chepesi kinachoanguka moja kwa moja, uko karibu na 1800 hadi 1815. Ukishuka kuelekea kiuno cha kawaida, uko kabla ya hapo, au baada. Mikono mikubwa iliyojaa kama mito na sketi iliyotanda ni miaka ya 1830.

Filamu ya 1940 ni hiyo ya mwisho. Studio ya MGM iliisogeza hadithi mbele takriban miaka ishirini, na mbunifu Adrian akawavisha Greer Garson na wenzake mikono iliyojaa na mikanda ya kofia inayojaza fremu nzima. BBC walishika mwaka wa kuchapishwa, 1813. Wright, ambaye hakupenda kiuno cha juu, alirudi mwishoni mwa miaka ya 1790, na hapa mbunifu wake wa maleba, Jacqueline Durran, alifanya jambo la akili: kiuno kinasema umri na kipato cha mtu. Bi. Bennet amebaki na mitindo ya zamani, Lady Catherine ya zamani zaidi, na Caroline, dada wa Bingley na mtu wa London, ndiye mwenye kiuno cha juu cha kisasa. Kosa ni kwamba kwenye dansi ya Netherfield, nyumba aliyopanga Bingley, alimvika gauni lisilo na mikono, la kamba nyembamba mabegani. Kwa mtu wa wakati ule angeonekana ametoka na nguo ya ndani.

Ile ya 1940 wengi huidharau kwa sababu ya sketi. Mimi naona sketi ndiyo dhambi yake ndogo. Bw. Collins si kasisi tena, amekuwa mtunza maktaba wa Lady Catherine, kwa kuwa kanuni za udhibiti za Hollywood hazikuruhusu viongozi wa dini wafanyiwe dhihaka. Kwa badiliko hilo moja, mfumo mzima umeng'oka: kitabuni Lady Catherine anamiliki haki ya kumteua kasisi, kazi yenye kipato cha maisha, na unyenyekevu wa Collins unatoka hapo. Mtunza maktaba ni mwajiriwa tu. Kisha mwishoni Lady Catherine anageuka kuwa bibi mwema aliyekuja kumpima Elizabeth kwa niaba ya Darcy, na mabinti wote watano wanapata wachumba, hata Mary. Filamu ilitoka majira ya joto ya 1940, Uingereza iko vitani na Marekani bado haijaingia. England iliyoonyeshwa ni ya keki na maua, mahali ambapo hakuna binti anayebaki na pauni 40.

Wright alikwenda upande wa pili: nguruwe anapita ndani ya nyumba, kuku uani, matope. Watu walisifu kwamba hatimaye tumeonyeshwa ukweli. Lakini Bi. Bennet wa kitabuni anamjibu Collins kwa hasira kwamba wanaweza kumlipa mpishi mzuri na binti zake hawana kazi jikoni. Uhalisi wa shamba Austen ameuweka kwa farasi: Jane, dada mkubwa wa Elizabeth, hawezi kupewa gari kwa kuwa farasi wanahitajika shambani, basi anapanda mgongoni mwa farasi, ananyeshewa, anaugua, analazimika kulala Netherfield. Farasi walewale wanavuta gari na kufanya kazi shambani. Hiyo ndiyo tofauti ya pauni 2,000 na 10,000, na haihitaji nguruwe. Lady Catherine naye katika filamu hii anabisha hodi usiku, familia ikiwa na nguo za kulala. Kitabuni anafika asubuhi kwa gari la farasi wanne na kumtaka Elizabeth watembee bustanini.

Muziki kwa ufupi: dansi maarufu ya Elizabeth na Darcy katika tamthilia ya BBC, Mr. Beveridge's Maggot, ilichapishwa 1695, na ile ya filamu ya 2005 imejengwa juu ya muziki wa Henry Purcell wa mwaka huohuo. Wahusika wa miaka ya 1790 na wa 1813 wanacheza dansi ya mababu zao. Inapendeza, lakini si ya wakati wao.

Barua inahitaji jicho zaidi. Kabla ya 1840 mpokeaji ndiye aliyelipa posta, kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi. Kwa hiyo watu waliandika karatasi moja, wakaikunja na kuifunga kwa lakiri. Barua ambayo Darcy anampa Elizabeth baada ya kukataliwa posa ni karatasi mbili zilizojaa mwandiko wa kubanana, na bahasha yenyewe imeandikwa. Msomaji wa zamani angetambua mara moja kwamba barua hiyo haikukusudiwa kupita posta. Isingefaa hata kidogo: mwanamume na msichana wasio wachumba hawaandikiani. Ndiyo maana anamvizia asubuhi kwenye njia ya miti na kuiweka mkononi mwake. Wright anaileta ndani ya chumba chenye giza kama mzuka, na hatari ile ya kuonekana hadharani inapotea.

Gurinder Chadha, aliyezaliwa Nairobi, aliutupa wakati wote kando katika Bride and Prejudice ya 2004 na kuipeleka hadithi Amritsar. Ajabu ni kwamba mama mwenye mabinti, ndugu wa mbali anayetafuta mke na mgeni tajiri mwenye dharau vinasimama bila kutetereka kuliko katika sketi za Adrian.

Na kuna wanamgambo. Vita na Ufaransa vilianza 1793, na vikosi vya wanamgambo vilipelekwa nje ya mikoa yao ya asili. Ndiyo sababu Wickham anaweza kusema lolote mjini Meryton: hakuna anayemjua. Filamu zinatupa makoti mekundu, ngoma na vicheko vya Lydia. Katika sura ya 12 Kitty na Lydia wanawapokea dada zao kwa habari za wiki: maofisa kadhaa wamekula chakula kwa mjomba wao, askari mmoja amechapwa viboko, na inasemekana Kanali Forster anakaribia kuoa. Yote katika sentensi moja, viboko vimebanwa kati ya chakula na harusi. Hakuna kamera kati ya hizo tatu iliyokwenda kumtafuta askari huyo.