Siku moja kwenye ghala la mbegu za asili, Muheza

Saa 12 asubuhi. Wengi hudhani kutunza mbegu ni kufunga gunia na kusubiri vuli. Huku kwetu Tanga adui ni unyevu: kunde zilizokauka jana, zikilala wazi, asubuhi zimenyonya umande. Nafagia, nakagua vyombo, nasubiri jua lipande.

Saa 3 naanika kwenye majamvi, kivulini jua linapokuwa kali. Bati na saruji hapana. Joto likipita nyuzi 40 kiini huweza kufa, na kwa macho mbegu inabaki nzuri vilevile.

Saa 5 anafika mzee kurudisha mkopo. Utaratibu wetu: unakopa kilo moja, unarudisha mbili. Kunde zake zimo kwenye mfuko wa nailoni, umefungwa kwa kamba.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Pima upesi, gari litaniacha.”

Hazipimwi upesi. Chupa kavu ya kioo, mbegu theluthi moja, vijiko viwili vya chumvi kavu; tikisa dakika moja, subiri robo saa. Chumvi ikaganda kwenye kioo, maana yake unyevu umepita asilimia 15. Akasema chumvi mbovu. Nikarudia kwa kunde za ghalani, chumvi ikashuka yote. Nikamwonyesha pia vidoa vyeupe juu ya mbegu: mayai ya fukusi. Buu hutoboa na kujificha ndani, na baada ya wiki tatu nne hutoka mdudu mzima. Wanaanzia shambani, maganda yakichelewa kuvunwa.

“Bibi zenu walikuwa na machupa haya?” Amekasirika.

Hawakuwa nayo. Walichuma ganda likikauka tu, hawakungoja shamba zima, na mbegu walizizika kwenye majivu. Ndicho tunachokifanya hadi leo.

Gari limemwacha kweli, jua linateremka, na bado kupepeta, kuchambua mbegu zilizosinyaa, kuchunga majivu yaliyopoa. Vipimo vitatu vya majivu kwa vinne vya kunde, juu kabisa tabaka la vidole viwili. Vumbi linakaa kifuani, mgongo unakataa kunyooka. Madebe tunayofunga bila majivu lazima yajae hadi mdomoni, kwani nafasi tupu ni hewa ya fukusi. Kila chombo kinaandikwa jina la mbegu analolitumia mkulima, kijiji na mwezi wa mavuno.

Kunde za mzee ziko jamvi la peke yake, mbali na nyingine. Zikikauka, 100 zitaviringishwa kwenye kitambaa kibichi, zihesabiwe siku ya 5 na ya 8. Zikiota chini ya 85, deni lake liko palepale.