Bustani ya tundu la ufunguo: kilishe kile kikapu cha katikati

Naandika hii kwa ajili ya watu wa huku chini Arusha, Muriet, Olasiti, Kisongo, huku ambako masika ikiisha tu vumbi linaanza na maji yanakuja kwa mgao. Wenzetu wa kule mlimani, Nkoaranga au Machame, wana migomba, wana zizi nyuma ya nyumba, mfereji unapita pembeni, mnafu unaota wenyewe hata hawajapanda. Sisi tuna kiwanja kidogo, udongo mkavu na mawe. Ila kwa hii bustani hayo mawe ndio mtaji.

Naona watu wengi sasa hivi wanazijenga, na zinapendeza kweli, duara la mawe limeinuka vizuri karibu na jiko, afu ukifika mwezi wa nane unakuta spinachi zimenyauka na mwenye nyumba analalamika kwamba bustani inakula maji. Ukimuuliza anamwagiliaje anakuonyesha ndoo na kopo, anamwaga juu ya udongo asubuhi na jioni. Yani amejenga kila kitu sawasawa afu kikapu cha katikati kimekaa kikavu, wakati kile kikapu ndio bustani yenyewe, mawe ni ukuta tu.

Kwa asiyeijua, ni tuta la duara lenye upana wa kama mita 2, limezungushiwa ukuta unaofika magotini au kiunoni, na upande mmoja unaachwa kinjia kinachoingia mpaka katikati, ukiangalia kutoka juu unaona tundu la kitasa kabisa. Pale kinjia kinapoishia ndio kinasimama kikapu cha fito, upana wake kama sentimita 30 hadi 40, kimezungushiwa nyasi au waya, kimeanzia chini kabisa na kinachomoza juu ya udongo. Humo unatia maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai, mboga zilizoharibika, majivu kidogo, na juu yake unamwaga maji uliyooshea vyombo. Maji yanashuka na uozo wake wote, yanatawanyika kwenye udongo kwa chini kule mizizi iliko, jua la mchana haliyafikii. Ukimwaga juu, mengi yanapotea na hewa kabla hata hayajaingia. Ndio maana pia udongo unautengeneza uwe mlima kidogo, juu pale kwenye kikapu unashuka kuelekea ukutani, maji yafuate mteremko.

Asili yake ni Lesotho, miaka ya 1990, kipindi ukimwi umezivunja nguvu familia nyingi, nyumba imebaki na bibi na wajukuu, au mgonjwa ambaye jembe hawezi tena kulishika lakini mboga anazihitaji kuliko mtu yeyote. Ukilijua hilo unaelewa kila kitu kwanini kiko vile. Ukuta uko juu ili mtu asiiname. Upana ni ule ili mkono ufike kila mahali, ukiwa nje unafika nusu na ukiingia kwenye kinjia unafika nusu nyingine, hamna sababu ya mtu kukanyaga udongo. Maji ni ya vyombo kwa sababu maji ya kisima hayabebeki. Mama yangu miguu na mgongo vinamsumbua, kuchuma mchicha wa kwenye tuta la chini ilikuwa ni lazima asubiri mtu, sasa hivi anachuma mwenyewe amesimama, anachagua majani anayoyataka yeye, na kwangu hiyo peke yake inatosha.

Kujenga sio kazi ngumu. Chomeka kijiti katikati, funga kamba ya mita 1, zunguka nayo uchore duara, toa kinjia, simamisha kikapu, anza kupanga mawe. Mawe hamna nayo unatumia tofali zilizovunjika. Cha muhimu ni unachojaza ndani maana wengine wanajaza udongo mtupu mpaka juu, hapo umepata chungu kikubwa cha maua basi. Chini weka mawe madogo na vipande vya matofali maji yapite, wa Lesotho wanaweka mpaka makopo ya zamani yenye kutu, juu yake mabua ya mahindi, nyasi kavu, majani makavu ya migomba kama unayapata, afu samadi iliyokaa ikapoa, majivu, udongo, halafu rudia tena mpaka ufike juu. Mabua baada ya mavuno huku yamejaa na watu wanayachoma moto, inauma jamani. Samadi ongea na wafugaji. Ikiwa bado mbichi usiipandie, itaunguza miche.

Jirani mmoja aliniuliza, "Mama, hayo maji ya sabuni si yataua mboga?" Swali la maana sana hilo. Sabuni kidogo ya vyombo haina neno, inapita kwenye kile kikapu na udongo unaichuja. Maji ya jiki hapana, maji mazito ya sabuni ya unga hapana, maji ya nepi hapana kabisa. Nyama na mafuta ya kupikia usitie, utaita panya. Na hayo maji yaishie kwenye kikapu, usiyamwage kwenye majani unayokwenda kula. Miche ikiwa michanga ndio mwagilia juu, maji safi kidogo kidogo, mpaka mizizi ishuke.

Cha kupanda, mimi napendelea mboga za kuchuma majani, loshuu, figiri, mnafu, mchicha, sukuma wiki, kwa sababu unachuma leo na wiki ijayo unachuma tena. Katikati yake chomeka vitunguu maji na swaumu, harufu yake inasaidia kufukuza baadhi ya wadudu. Karoti zinafanya vizuri maana udongo ni laini. Nyanya sishauri sana, zinachukua nafasi kubwa afu kuna kanitangaze, yule mdudu wa nyanya, ambaye tangu aingie nchini mwaka 2014 amewatesa mpaka wakulima wakubwa wa Ngarenanyuki, sasa wewe na duara lako la mita 2 utapambana naye vipi. Vidukari kwenye sukuma ukiwawahi unawapukuta na maji ya muarobaini. Kuku nao ukuta hauwazuii, wanaruka, zungushia wavu au chandarua kilichochakaa.

Baada ya miezi kadhaa utaona udongo umeshuka, usishtuke, ni yale mabua yanaoza. Ongeza samadi na udongo juu kabla ya kupanda tena, na ulipokuwa na sukuma weka maharage au karoti. Kikapu chenyewe fito zinaoza pia, zikilegea chomoa, ule uozo mweusi uliobaki ndani tandaza juu ya tuta, simamisha fito mpya na uendelee kutia maganda. Vuli ikianza usiache kulisha kikapu eti kwa sababu mvua inanyesha, maji yapo lakini chakula cha mimea kinatoka kwenye yale maganda.