Kwetu haina pa kukaa

Wiki hii mahari ya mdogo wangu imepokelewa, kaka ameitwa ile kazi ya bandarini aliyoisubiri tangu mfungo, na mvua imelaza ukuta wetu wa uani wote upande wa kwa jirani. Lakini kila nikikaa niandike, linalonijia ni sentensi moja niliyoambiwa na bibi mmoja Jumamosi, mlangoni mwa maktaba ninapofanya kazi na kuwafundisha watoto kuchora kila Jumamosi, mkono mmoja kashika mwavuli na wa pili ananirudishia karatasi aliyoichora mjukuu wake.

"Mwalimu, hii ibakie tu hapa. Kwetu haina pa kukaa."

Nikasema, "Haya bibi." Akaniambia, "Jumamosi, Mungu akitujaalia." Nikamwitikia inshallah, akamshika mjukuu wake mkono, wakaingia mvuani.

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningejua ni hasira za mvua au za daladala, nikalala usingizi wangu. Alisema kwa sauti ile ile anayonisalimia nayo, na ndiyo maana mpaka leo Ijumaa ninaisikia nikichambua mchele, ninaisikia nikipanga vitabu, na jana nimeisikia katikati ya hesabu za mahari mbele ya wazee.

Bibi huyu mnamjua. Ndiye niliyewaandikia alipokuja mara ya kwanza akakaa nje kwenye benchi mpaka darasa likaisha, kwa sababu alidhani ni la kulipia na aliona haya kuuliza. Anauza karanga na visheti Ngamiani, hapa mjini Tanga. Mjukuu wake wa kike ana miaka minne, bado hajaanza darasa la awali, na tangu aje kwetu alikuwa anachora kitu kimoja tu: mikwaruzo. Anashika krayoni kwa ngumi, anakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka karatasi inachanika.

Wazazi wengi wakiona mikwaruzo hunihurumia. Hudhani mtoto anachezea karatasi na mimi nimeshindwa kumwambia. Baba mmoja aliwahi kunishauri niwachoree mfano ubaoni, embe au bendera, wao wafuatize. Sifanyi hivyo na sitafanya. Mtoto wa miaka minne ukimchorea embe, atakachojifunza ni kwamba embe lako ni zuri na lake ni baya. Alikuwepo mwalimu wa watoto wadogo huko San Francisco, Rhoda Kellogg, aliyekusanya michoro ya watoto zaidi ya milioni moja akaikalia kitako kuichunguza, akaona kwamba hata mikwaruzo ina maumbo yake, aliyahesabu 20, na kwamba mtoto hupita humo humo kufika kwenye duara. Duara likishafungwa, linaota miale kama jua. Na ile miale, siku moja mtoto mwenyewe anaiona kuwa ni miguu na mikono. Anakuwa amechora mtu, na hakuna aliyemfundisha.

Sasa Jumamosi.

Tulikuwa na siku ya rangi za jikoni. Nilikuja na manjano, rozela iliyochemshwa, mkaa uliosagwa, ndimu na magadi kidogo. Kwa brashi tulitumia vijiti vya mswaki, kila mtoto akatafuna ncha ya kijiti chake mpaka ikawa laini, na wengine wakatumia nyuzi za katani nilizozifunga kwenye vijiti. (Kuna mama aliniuliza kwa upole kama rangi za dukani zimekosekana. Nilimweleza kwamba Edward Saidi Tingatinga, ambaye naye alipitia vibarua vya mashamba ya mkonge hapa hapa Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam, alianza kuchora kwa rangi za kupakia baiskeli kwenye vipande vya silingibodi, na leo michoro yake iko duniani kote. Alifurahi. Sijui kama aliniamini.) Nilipotia magadi kwenye manjano yakageuka mekundu ya kahawia, watoto walipiga kelele mpaka mwenzangu wa dawati la mbele akaja kuchungulia. Rozela nayo ukiitia magadi inakwenda kwenye bluu, ukiikamulia ndimu inarudi nyekundu. Walitaka iende na kurudi, iende na kurudi, ndimu zikaisha.

Yule mtoto hakupiga kelele. Alikuwa ameinama. Nilipopita nyuma yake nikaona mkono wake unazunguka polepole, tofauti na siku zote, na mwisho wa mstari unautafuta mwanzo wake. Ukaupata. Duara likafungwa. Nilisimama pale pale, sikutaka hata kivuli changu kimwangukie. Akachovya mkaa, akashusha mistari miwili mirefu kutoka kwenye duara mpaka chini ya karatasi. Akatoa mistari mingine miwili pembeni, palepale penye masikio. Kisha akachukua manjano akayamwaga kuzunguka vyote.

Huwa siwaulizi "Hii ni nini?" Swali hilo linamwambia mtoto kwamba alichokifanya hakionekani. Nilimwambia, "Nihadithie." Akasema, "Ni bibi. Anakwenda sokoni."

Kichwa na miguu, kiwiliwili hakuna. Watoto wa kila mahali huanza na mtu wa namna hii. Lakini wa kwanza ni wa kwanza, na huyu nilimwona akizaliwa mbele ya macho yangu. Nawaambia kweli, nilikuwa na furaha ya mtu aliyepigiwa simu ya heri, na furaha yote ile niliiweka tayari kwa ajili ya bibi akija.

Akaja. Mtoto akamkimbilia: "Bibi, ni wewe!" Bibi akaipokea karatasi, akaipeleka mbali na macho kama wafanyavyo watu wazima, akaitazama. Akauliza, "Hii miguu?" Mtoto akaitikia. "Na haya manjano?" Mtoto akasema, "Kanga yako." Bibi akanyamaza kidogo. Hapo ndipo aliponigeukia akasema hii ibakie tu hapa, kwetu haina pa kukaa.

Nyumbani kila mtu ana tafsiri yake. Shangazi, mnajua maneno yake, amesema bibi amenistahi tu, takataka hairudishwi kwa matusi. Kaka amesema watu wanaishi chumba kimoja, kitanda, ndoo na magunia ya karanga, picha waitundike wapi? Mama alifikiri muda mrefu kuliko wote, akasema huenda ni kwa ajili ya kuwa ni sura ya mtu. Wapo wasioweka picha ya kiumbe ndani ya nyumba, malaika hawaingii. Kisha akajipinga mwenyewe, akasema mbona Bi Aisha alikuwa na wanasesere wake na Mtume hakumkataza, mtoto ni mtoto. Mwenzangu wa dawati ameniambia, "Amesema haina pa kukaa, basi haina pa kukaa. Unatafuta nini humo?"

Natafuta. Nimemrudia kichwani bibi yule tangu anatokea getini. Hakucheka, kwa hiyo hakuona ni mzaha. Hakumwambia mtoto kwamba amemchora vibaya, na wapo wanaowaambia watoto hivyo mbele yangu kila wiki. Na karatasi hakuikunja. Hili nimelikumbuka Jumapili usiku na likanitoa kitandani. Anayetupa kitu hukikunja. Yeye alinirudishia imenyooka, uso juu, juu ya kiganja, na kwa mvua ile akausogeza mwavuli ili karatasi isidondokewe. Mkono uliokuwa na mwavuli haukuwa juu ya kichwa chake wakati ule. Ulikuwa juu ya karatasi.

Jumatano jioni nilinunua karanga kwa kijana wa njiani. Akanitilia kwenye kijipembe cha karatasi, na kwenye karatasi ile palikuwa na hesabu za mtoto wa shule, kujumlisha, tiki nyekundu ya mwalimu iko pale pale. Nikasimama barabarani.

Sisi tulikuwa hivyo hivyo. Tulipokuwa watoto hakuna karatasi iliyokaa nyumbani wiki mbili. Ya daftari ilifungia karanga au chumvi, ya gazeti ilitandikwa kabatini, iliyobaki iliwashia jiko. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka na picha ya Al-Kaaba, basi. Mama hakuwa na dharau na kazi zetu, alikuwa na jiko la kuwasha alfajiri na mkaa uliolowa. Sasa bibi anayeuza karanga, mwenye kazi ya kukunja vijipembe kila usiku kabla ya kulala, na wajukuu wengine wanaomsaidia kukunja, karatasi ya manila ngumu vile ingefika salama mpaka lini? Yeye anajua kuliko mimi karatasi zinakokwenda.

Sisemi ndivyo alivyomaanisha. Inawezekana shangazi ndiye aliyepatia. Lakini tangu Jumatano sentensi ile haichomi tena, inanisukuma. Nimeachiwa amana.

Na amana yenyewe nusura iniharibikie. Alhamisi asubuhi nilikwenda kuitazama, maana niliibandika pale dirishani jua linapoingia ili kila mtu aione, nikakuta kanga ya bibi imeanza kupauka. Manjano hayavumilii mwanga, yapake juani wiki moja uone. Nimeibandua, nimeitia kwenye bahasha ya plastiki ya kupitisha mwanga, nimeihamishia ukuta wa ndani karibu na rafu ya vitabu vya picha, chini kwa kimo cha mtoto wa miaka minne. Nimeandika jina la mchoraji kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake nimeandika vile alivyosema: Bibi anakwenda sokoni.

Halafu nikarudi nyuma hatua chache nikaangalia. Jengo hili Waingereza walilijenga liwe ukumbusho wa mfalme wao, George wa Sita. Sasa ukutani humo yupo muuza karanga wa Ngamiani, miguu mirefu mpaka chini, kanga ya manjano. Mzee mmoja anayekuja kusoma magazeti alisimama akaisoma ile sentensi kwa sauti, akaniuliza, "Huyu nani kamchora?" Nikamwambia. Akasema, "Anakwenda kweli, tazama miguu." Nilimshukuru kuliko alivyotegemea.

Kuanzia kesho nitamuuliza kila mzazi kabla ya kutoka: mnaichukua au tuwawekee? Nimeomba jalada kubwa na mwenzangu amenipa mawili. Atakayetaka yake hata baada ya mwaka ataikuta, ina jina na tarehe. Kwa rangi za jikoni nitaongeza mkaa na kupunguza manjano. Na nitamwonyesha bibi pale ilipo, nikimwona, wala sitamuuliza alimaanisha nini.

Ningependa kuishia hapo lakini kuna la Mama. Jumanne anafanyiwa jicho la kushoto, lile la mtoto wa jicho, na anatuambia anaona vizuri, tusihangaike. Haoni vizuri. Jana alimimina chai nje ya kikombe akasingizia birika. Wametuambia asije peke yake na asirudi peke yake. Kaka anaanza bandarini Jumatatu, hawezi kuomba ruhusa siku ya pili. Mdogo wangu yuko kwenye mambo ya ukumbi wa harusi. Shangazi anaogopa hospitali, mwenyewe alianguka pale kwenye ngazi mwaka juzi. Na Jumanne zamu ya dawati ni yangu, na mwenzangu niliyekuwa nimtegemee anasafiri kwenda Korogwe kwenye msiba.