Kuiwekea roketi ya modeli mota kubwa: kazi yote iko mkiani

Watu wakisikia nimebadilisha roketi ya modeli ili iingie mota kubwa wanadhani kazi ni tundu tu, yani unapanua nyuma, unasukuma mota, unarusha. Hata mi nilianza ivo ivo. Sasa nimekaa na roketi tatu nilizozifungua na kuzijenga upya na nataka niandike nilichojifunza, kwasababu naona wengi wanapoteza roketi nzuri kwa kosa lile lile nililofanya mimi.

Kwanza kwa ambaye hajazizoea. Hizi roketi zinakuja kwenye boksi, bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao laini ya balsa, pua ya plastiki, parachuti, na ndani ya mkia kuna kibomba kidogo cha kushikia mota. Mota zinauzwa tayari, unatumia mara moja unatupa, na unene wake ni wa kueleweka: milimita 13, 18, 24, 29. Kila mota ina jina kama C6-5. Herufi inakwambia jumla ya nguvu, na kila ukipanda herufi moja kiwango kinakua mara mbili (C inaishia newtoni-sekunde 10, D inaishia 20, E 40). Namba ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa newtoni, namba ya mwisho ni sekunde inazosubiri baada ya kuungua kabla haijalipua kibaruti kinachotoa parachuti.

Roketi yangu ya kwanza kuibadilisha ilikua nyembamba, bomba lake lenyewe ndani lina milimita 24 na kitu, na kiwandani walikua wameweka kishikio cha mota ya 18. Nikaona mbona rahisi, nikiacha kile kishikio bila kukigandisha, D12 inaingia moja kwa moja kwenye bomba kama vile ilipimwa. Na ni kweli inaingia. Nikaweka kizuizi cha mbele, nikaibana na tepu, nikarusha. Ilitoka kwenye fimbo ya kurushia vizuri, ikapanda kama mita nne tano alafu ikageuka, ikaanza kujizungusha hewani kama kijiti kilichorushwa na mtoto, moto unatoka huku na kule, mwisho ikajipiga chini. Tulikua tumesimama mbali kwahiyo hakuna aliyeumia. Lakini nilitetemeka, na sijasahau.

Ilichukua siku kadhaa kuelewa, na ukishaelewa unaona ni jambo la wazi kabisa. C6 ina uzito wa kama gramu 24. D12 ni kama gramu 43. Nilikua nimeongeza karibu gramu 19 kwenye ncha ya mkia wa roketi nyepesi, na sikuongeza kitu chochote mbele.

Roketi ina sehemu mbili za kuziangalia. Moja ni pale inapolala sawa ukiiweka juu ya kidole, yani uzito wa mbele na wa nyuma unalingana. Nyingine ni pale ambapo nguvu ya hewa inakusanyika inapoipiga ubavuni, na hiyo mapezi ndio yanaivuta iende nyuma. Ya kwanza lazima iwe mbele ya ya pili, tena kwa umbali usiopungua unene wa bomba. Ikiwa ivo, roketi ikiyumba hewa inairudisha mkia na inanyooka. Zikibadilishana nafasi hewa ile ile ndio inaipindua. Mota kubwa inavuta ile ya kwanza kurudi nyuma, kwahiyo unaweza kuwa na gundi safi, mapezi yamenyooka, rangi inang'aa, na bado roketi isiruke.

Dawa yake ni kuongeza uzito kwenye pua, na hesabu ni ile ya ubao wa bembea. Chukua mfano, umeongeza gramu 18 mkiani na mkia uko sentimita 20 nyuma ya pale inapolingana, hiyo ni 360. Pua iko sentimita 30 mbele, basi gramu 12 za plastisini ndani ya pua zinaifuta. Kujua ile sehemu ya hewa iko wapi kuna hesabu za James Barrowman za miaka ya 1960, na saivi huna haja ya kuzifanya kwa mkono kwasababu programu ya OpenRocket ni ya bure na inakuchorea kila kitu. Alafu kuna ule mtihani wa kamba: weka mota ndani, funga kamba pale inapolingana, izungushe juu ya kichwa. Pua ikitangulia uko salama. Ikizunguka na mkia mbele usirushe, hata kama umeshafika uwanjani na watu wanasubiri.

Ya pili nikachagua Big Bertha, roketi ya kampuni ya Estes, kwasababu ni nene, bomba lina milimita kama 41 na nusu kwa nje, na mapezi yake ni makubwa kwahiyo inasamehe. Inakuja na nafasi ya mota ya 18. Hapa nikafanya kwa utaratibu, na ushauri wangu mkubwa ni uamue kabla hujagusa gundi, kwasababu kung'oa kishikio kilichoganda ndani ya bomba la karatasi ni mateso, mara nyingi unatoka na bomba limechanika.

Kishikio kipya ni bomba la milimita 24 na pete mbili za plaiwudi, tundu la ndani karibu milimita 25, nje milimita 40 na nusu. Nilizikata kubwa kidogo alafu nikazipunguza na msasa polepole mpaka zikawa zinapita bila kulegea. Urefu nao uufikirie. C6 na D12 zote zina milimita 70 lakini E12 ina 95, kwahiyo nikaweka klipu ya kushikia mota inayofaa 95, na nikitaka D12 natanguliza kipande cha bomba cha milimita 25 mbele yake. Hata mota za 18 bado unazitumia ukiweka adapta. Klipu usiiache, kwasababu mota isiposhikwa, kile kibaruti cha parachuti kinaisukuma mota yenyewe itoke nyuma, parachuti inabaki ndani na roketi inashuka kama jiwe.

Gundi ya mbao kwenye karatasi inashika vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila kwa kusukuma kishikio ndani ya bomba usiitumie. Inakamata katikati ya safari, na ukishakwama umekwama. Tumia gundi ya epoksi inayoganda taratibu. Mapezi niliyabandika karatasi pande zote kwa gundi ya mbao yakawa magumu zaidi, kwasababu balsa tupu kwenye mwendo mkubwa inaweza kutetemeka mpaka ikapasuka. Ule mpira unaounganisha parachuti na roketi nao niliutoa nikaweka uzi wa Kevlar uliofungwa kwenye kishikio, moto hauukati.

Kitu kimoja sikigusi kabisa na naomba na wewe usikiguse: mota yenyewe. Usiifungue, usiichimbe, usijaribu kutengeneza ya kwako nyumbani. Unabadilisha roketi, mota unaiacha ilivyotoka kiwandani.

Na uwanja unabadilika pia. Kanuni za usalama za NAR, chama cha warushaji cha Marekani, zinataka uwanja wa mita 120 hivi kwa C, 150 kwa D, na ukifika E unaruka mpaka 300. Umbali wa kusimama kutoka kwenye roketi ni mita 5 mpaka D, juu ya hapo mita 9. Fimbo ya kurushia nayo nimeweka nene na ndefu zaidi, ile nyembamba inapinda kama unyasi kwenye upepo.

Tulirusha kwa D12-5, gramu kama 130 roketi na mota pamoja, yani msukumo unazidi uzito mara tisa hivi wakati mara tano inatosha. Ikaondoka imenyooka, moshi umesimama kama uzi, ikapunguza mwendo juu kabisa, na parachuti ikafunguka pale pale ilipoanza kuinama. Nilikua nashika mikono kichwani muda wote. Ilitua kwenye majani, pezi moja limekwaruzika kidogo, na ule mstari wa kalamu niliochora kwenye bomba kuonyesha inapolingana bado unasomeka. Nikaifuta masizi, nikapima tena pale pale na mota mpya ndani, na kidole kikakaa juu ya mstari.