Mji Juu ya Mlima: Tafakari Mbele ya Mchoro wa Gardanne

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili naomba tulitafakari neno la Bwana wetu katika Mathayo 5:14, kwamba mji hauwezi kusitirika ukiwa juu ya mlima, tukisaidiwa na mchoro wa Paul Cézanne, Mfaransa aliyefanya kazi mwaka 1885 na 1886 huko Gardanne, mji mdogo wa kilimani karibu na Aix-en-Provence. Aliuchora mji huo zaidi ya mara moja. Picha mbili za wima ziko New York, na ile iliyo katika makumbusho ya Brooklyn hakuimaliza, hata mistari aliyoipiga kabla ya kupaka rangi bado inaonekana.

Jicho la mtazamaji huanzia chini, likapanda ukuta kwa ukuta na paa kwa paa, likipita katikati ya miti, hadi kwenye mnara wa kanisa ulio juu kabisa. Hakuna mtu anayepita wala tukio linalosimuliwa, na bado picha nzima imejaa utulivu, kwa kuwa utulivu huo unatokana na jinsi vitu vilivyopangwa. Ukuta mmoja unapokea jua na wa jirani uko kivulini. Kama si kivuli cha huu, mwanga wa ule usingetambulikana. Hakuna nyumba iliyopewa nafasi ya kung'aa peke yake, wala mnara haukutengwa na makazi ya watu, bali umeinuliwa na mapaa yaliyo chini yake, ambayo yakiondolewa hauna pa kusimama.

Sidai kwamba Cézanne alikusudia kuhubiri. Bidii yake ya kuhudhuria Misa inajulikana zaidi katika miaka yake ya baadaye. Lakini mchoro huu umenifanya niusome upya mpangilio wa maneno ya Bwana. Taa inayowekwa juu ya kiango inatajwa katika mstari wa 15, na mji unaitangulia. Mara nyingi sisi huirukia taa, tukauliza ushuhuda wa fulani unaangaza kiasi gani, tukasahau kwamba kinachoonekana kutoka mbali ni makazi ya wengi walioshikamana, wakiwamo wale ambao kwa msimu huu wako upande wa kivuli: mgonjwa, mfiwa, aliyechoka hata kusali.

Jumuiya zitakapokutana juma hili, tusome Mathayo 5:13–16, kisha kila mmoja amtaje kwa jina, katika sala, muumini mwenzake ambaye hajaonekana ibadani kwa muda, na wawili au watatu wakubaliane siku ya kwenda kumtembelea nyumbani kwake.